Kioo Kinachotuachisha Kupepesa: Hotuba kwa Wanachama wa SACCOS, Moshi

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano mkuu wa wanachama wa SACCOS moja hapa Moshi mjini, wengi wao walimu, makarani, wahasibu na mawakala wa fedha za simu. Tunaiweka yote kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, viongozi wetu na wanachama wote, itifaki imezingatiwa.

Nimepewa dakika 40, na najua taarifa ya gawio inasomwa baada yangu. Mkiniona nakimbia mahali fulani, mjue ni kwa heshima ya mhazini.

Tuanze na jaribio. Simu chini, tafadhali. Na wewe mangi wa pale dirishani, ndiyo, hata wewe. Tazameni saa ile ya ukutani. Nikisema "sasa", pepeseni macho mara moja, kisha yaacheni wazi, msipepese tena. Mimi nitahesabu sekunde. Ukianza kusikia macho yanachoma, inua mkono, halafu pepesa. Tayari? Sasa! Moja, mbili, tatu, nne…

Mmeona wenyewe. Nilipofika 6 mikono ilishaanza kuinuka kule kwa wahasibu. Nilipofika 10, karibu nusu ya ukumbi ilikuwa juu. Jicho lenye machozi mazuri huvumilia sekunde 10 na zaidi kabla utando wa machozi haujapasuka. Ukumbi una vumbi na feni inazunguka, kwa hiyo sitampa mtu jina la ugonjwa kwa jaribio la dakika moja. Lakini aliyeinua mkono kwenye 6 aikumbuke namba yake, nitairudia.

Sasa niwaulize: kwa nini macho yanachoma? Jibu la mtaani mnalijua. "Ni mwanga wa simu, unaunguza macho." Na kwa sababu ya jibu hilo tunanunua miwani yenye kioo cha rangi ya buluu kwa mbali, tunaambiwa inazuia mionzi. Ndugu zangu, mwanga ule unasingiziwa. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, wale wanaokusanya majaribio ya tiba na kuyapima upya, walipitia majaribio 17 ya miwani hiyo. Hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Mwanga wa buluu unaotoka kwenye simu ni kijiko ukilinganisha na ndoo unayopata ukivuka barabara saa 6 mchana. Mwanga unaoumiza jicho upo, na mafundi wa welding wanaujua: ukichomea bila kinga mchana, usiku macho yanakuwa kama yametiwa mchanga. Ule ni mwanga wa urujuanimno, na simu yako haina.

Basi kioo cha simu na kompyuta kinafanya nini? Hakituwekei kitu machoni. Kinatuachisha mambo. Kinatuachisha kupepesa, kinatuachisha kutazama mbali, na watoto wetu kinawaachisha kutoka nje. Hayo ndiyo nitakayosema leo, na la kwanza nitalikalia zaidi kwa sababu ndilo linalowasumbua wengi mliomo humu.

Mwaka 1993 madaktari wawili wa Japani, Tsubota na Nakamori, walifanya jambo ambalo hata mtoto angeweza kulifanya: walihesabu watu wanavyopepesa. Walichukua wafanyakazi wa ofisini 104. Wakiwa wametulia, walipepesa wastani wa mara 22 kwa dakika. Wakisoma kitabu mezani, mara 10. Wakisoma maandishi kwenye kompyuta, mara 7.

Mara 22, mara 10, mara 7. Fanyeni hesabu, wahasibu mpo. Mara 7 kwa dakika ni kupepesa mara moja kila sekunde 8 hadi 9. Sasa wewe uliyeinua mkono kwenye 6: utando wako wa machozi unapasuka sekunde ya 6, na kope linakuja kuufunga sekunde ya 9. Kwa sekunde 3 konea, kile kioo cha mbele cha jicho, imekaa wazi, kavu, inapigwa na upepo. Inatokea mara 7 kila dakika, kuanzia saa 2 asubuhi unapofungua mahesabu kwenye kompyuta hadi saa 11 jioni unapofunga ofisi. Hapo bado tunahitaji mionzi ya kutuchoma?

Tena hata huko kupepesa kwenyewe kunaharibika. Mtazameni mtu anayesoma ujumbe kwenye simu: kope la juu linashuka nusu, halifiki chini, linarudi juu. Nusu ya chini ya jicho haikuguswa. Ndiyo maana wengi wakiangaliwa kwa darubini ya macho, ukavu unaonekana zaidi sehemu ya chini ya konea.

Na machozi si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashikisha kwenye jicho, katikati kuna maji, juu kabisa kuna mafuta. Mpishi yeyote anajua kwamba supu ya mbuzi yenye mafuta juu haipoi upesi, kwa sababu mafuta yameziba mvuke. Jicho nalo ni hivyo hivyo. Mafuta yale yanatoka kwenye tezi ndogo zilizopangwa ukingoni mwa kope, nyuma tu ya mstari wa nywele, ishirini na kitu hadi arobaini kwa kila kope. Zinakamuliwa na kitendo cha kupepesa chenyewe, kope la juu linapolibana la chini. Usipopepesa sawasawa, hazikamuliwi. Mafuta yanaganda ndani kama samli ya asubuhi ya baridi. Yakiganda, machozi yanakauka upesi zaidi, jicho linachoma zaidi, na mtu anafikicha, anazidisha.

Chukulieni kijana wakala wa fedha za simu kwenye kibanda karibu na stendi. Mfano huu kila mtu anaujua, na pengine ndugu yake yumo ukumbini. Kibanda kinaelekea barabarani, vumbi na moshi wa bodaboda vinaingia moja kwa moja. Feni ndogo ya mezani inampuliza usoni. Simu mbili, kila moja ameishika kama sentimita 25 kutoka machoni, anahakiki namba tarakimu kwa tarakimu kwa sababu kosa la tarakimu moja ni hela yake. Ikifika saa 10 jioni macho yamekuwa mekundu na yanatiririka machozi. Akiambiwa ana macho makavu anacheka: "Makavu vipi na mimi nalia hapa?"

Analia kwa sababu ni makavu. Konea ikikauka inapiga kelele, na tezi kubwa ya machozi inajibu kwa kumwaga maji. Maji matupu, bila mafuta ya kutosha, yanamwagika shavuni na jicho linabaki na kiu ileile. Kisha kijana anakwenda duka la dawa na kuomba "dawa ya kutoa wekundu". Anapewa tone linalobana mishipa ya damu. Ndani ya dakika chache jicho jeupe pee! Dawa ikiisha nguvu mishipa inafunguka kuliko mwanzo, jicho linakuwa jekundu zaidi, anaweka tena. Wiki ya tatu hawezi kufungua kibanda bila tone lake. Ukavu wenyewe haujaguswa hata kidogo.

Afanye nini? Feni kwanza. Aigeuze ipulize miguuni au ukutani, isimguse usoni. Hilo peke yake wengine linawatosha. Pili, simu ashushe. Ukitazama kitu kilicho juu ya macho, kope hufunguka sana na eneo kubwa la jicho linakauka. Ukitazama chini kidogo, kope linafunika sehemu. Kwa kompyuta, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooka, sentimita 50 hadi 70. Wale mnaoinua kompyuta mpakato juu ya rundo la mafaili kwa ajili ya shingo, msiipandishe ikapita usawa wa macho.

Kisha zoezi la kupepesa. Tulifanye pamoja. Fumba macho taratibu, kope zigusane kabisa. Hesabu mbili. Ukiwa bado umefumba, bana kidogo tu, kama mtu aliyeonja ndimu. Hesabu mbili. Fungua. Rudia mara 10. Ukiona ngozi ya pembeni ya macho inajikunja sana, umebana kwa misuli ya uso, legeza. Mara 10 hizo zifanywe kila saa ya kazi. Wekeni kengele ya simu, angalau kwa mara moja simu itumikie macho.

Kwa ambaye mafuta yameshaganda, na dalili yake ni kope zinazowasha ukingoni na magamba asubuhi, dawa ni kitambaa cha moto. Taulo ndogo safi, maji ya moto ambayo ukigusisha upande wa ndani wa kifundo cha mkono hayakuunguzi. Kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa. Dakika 5 hadi 10. Na hapa ndipo wengi wanakosea: taulo inapoa ndani ya dakika 2, wao wanaendelea kukaa nayo ikiwa baridi. Mafuta hayayeyuki kwa taulo baridi. Ichovye tena, na tena. Ukimaliza, papasa kope kwa kidole safi: la juu kutoka juu kushuka kwenye nywele, la chini kutoka chini kupanda kwenye nywele. Usikandamize jicho. Fanya kila siku kwa wiki kadhaa kabla hujasema haifai.

Machozi ya bandia yanasaidia. Ukihitaji zaidi ya mara 4 kwa siku, omba yasiyo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi chenyewe kikizidi kinakwaruza konea. Vuta kope la chini litengeneze kimfuko, weka tone moja, fumba dakika moja. Tone moja, jamani. Kimfuko kile hakibebi hata tone moja zima. La pili linakwenda shavuni na hela yako. Ncha ya chupa isiguse jicho wala nywele, na chupa ya kawaida ikishafunguliwa itupwe baada ya wiki 4, hata kama imebaki nusu.

Nimelikalia hili muda mrefu. Tusogee.

La pili ni kutazama mbali. Ndani ya jicho kuna lenzi, na kuizunguka kuna msuli mdogo kama pete. Ukitazama kitu kilicho mita 6 au zaidi, msuli umepumzika. Ukisogeza kitu karibu, msuli unakaza. Kazi yake inapimika: gawanya 1 kwa umbali wa mita. Kompyuta iliyo nusu mita ni 1 gawanya kwa nusu, unapata 2. Simu iliyo sentimita 33 ni 3. Simu ya mtu aliyelala kitandani, sentimita 20, ni 5. Ukiishusha simu ikakaribia uso, umebebesha msuli ule mzigo zaidi ya mara mbili ya kompyuta ya ofisini, na ni saa 5 usiku, mwili mzima umeomba kulala.

Msuli uliokazwa saa nyingi hauachii mara moja. Ndiyo sababu mtu anainua kichwa kutoka kwenye kazi, anatazama ng'ambo ya barabara, kila kitu kina ukungu, kisha baada ya sekunde chache kinasafika. Na maumivu juu ya nyusi saa za jioni, wengi mnayaita malaria mnakwenda kupima damu!

Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mita 6 ni kama upana wa chumba cha darasa. Na nyinyi wa Moshi mna nini hata cha kuuliza? Kibo ile pale. Asubuhi kabla ya mawingu, tazama theluji kwa sekunde 20, haikugharimu kitu. Mlima ukijifunika, tazama paa la nyumba ya tatu. Kutoka kwenye kompyuta kuingia kwenye simu hakuhesabiki kuwa ni kupumzika, na hilo ndilo tunalofanya wote wakati wa chai.

Umbali wa simu mtaupimaje bila rula? Kunja ngumi, iweke shavuni chini ya jicho. Simu isipite kiwiko kuja usoni. Jaribuni. Wengine mnaona aibu sasa hivi.

Hapa niseme na waliovuka miaka 40. Lenzi inaanza kukakamaa, na hiyo ni kazi ya umri, simu haihusiki. Ninamwona pale mbele mama anayesoma ujumbe ameishika simu kama anayempiga mtu picha. Mama, shikamoo, samahani, nimekutumia kama mfano. Miwani ya kusomea si dalili ya uzee wa kuficha. Huko Assam, India, wachuma majani ya chai 751 wenye miaka 40 na zaidi walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018. Nusu walipewa miwani ya kuonea karibu, nusu wakangoja. Kuchuma chai ni kazi ya macho, unachagua majani mawili na chipukizi. Waliopewa miwani waliongeza uchumaji kuwazidi wenzao kwa takriban asilimia 22. Mafunzo hawakupewa, wala mbolea. Miwani tu. Hesabu ya SACCOS yenye sifuri sita inahitaji macho kuliko jani la chai.

Lakini wahasibu, sikilizeni tofauti hii, maana inawavunja shingo. Miwani ya kusomea imetengenezwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40. Mwenye miaka 55 mara nyingi anavaa namba 2.50, na 1 gawanya kwa 0.40 ni 2.50 hiyohiyo. Kompyuta yake iko sentimita 60. Fanya hesabu: 1 gawanya kwa 0.60 ni kama 1.67. Miwani yake ina nguvu kupita kiasi kwa kompyuta, kwa hiyo anainama mbele mpaka pua iko kwenye kioo. Mwenye miwani ya sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, ndiye mwenye taabu zaidi: anainua kidevu apate kusomea sehemu ya chini, na jioni shingo imekaza. Anasugua dawa ya misuli, anabadilisha mto. Tatizo ni umbali. Kabla ya kwenda kupimwa, pima kwa futi kamba kutoka pembeni ya jicho lako hadi kwenye kioo cha kompyuta, andika namba, mpe mpimaji. Atakupa miwani ya umbali huo.

Miwani ya tayari, ile ya kuning'inizwa sokoni? Si haramu. Ina nguvu sawa kushoto na kulia, kwa hiyo inamfaa ambaye macho yake yako sawa. Ubaya wake ni kwamba inamfanya mtu aone hana haja ya kupimwa, nami nitawaonyesha kwa nini hilo ni hatari.

La tatu ni watoto. Walimu, nawageukia nyinyi.

Mtoto mchanga anazaliwa jicho lake likiwa na urefu wa kama milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. Mtu mzima lina kama milimita 24. Kati ya hapo jicho linakua, na linatakiwa kusimama mahali pake. Likipitiliza kwa milimita 1 tu, mtoto anahitaji miwani ya kutoa ya kama 2.50 ili aone ubao. Jicho lililorefuka halirudi. Likirefuka sana, miwani ikafika kutoa 6 na kuendelea, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imevutwa kama puto, na mtu huyo akiwa mkubwa ana hatari zaidi ya retina kubanduka na ya presha ya macho.

Nini kinalirefusha? Urithi upo. Kazi ya karibu ipo, na niseme kwa haki, kitabu nacho ni kazi ya karibu. Lakini kilichowashangaza watafiti ni mwanga wa nje. Darasani kwetu mwanga ni kama laksi 300 hadi 500, laksi ni kipimo cha mwanga. Nje, hata chini ya mti, ni maelfu, na juani ni makumi ya maelfu. Inaelekea mwanga mkali unaifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, na dopamini inaliambia jicho: tosha, acha kurefuka.

Mji wa Guangzhou, China, walijaribu kwenye shule 12 za msingi. Shule 6 ziliongezewa kipindi kimoja cha dakika 40 nje, kila siku ya shule, kwa watoto wa darasa la kwanza. Shule 6 ziliachwa kama zilivyo. Baada ya miaka 3, kwenye shule zilizoachwa, watoto 39.5 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Kwenye shule za dakika 40, watoto 30.4. Watoto 9 katika kila 100 waliokolewa na kipindi kimoja cha kucheza. Taiwan nao, tangu mwaka 2010, walianza kuhimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku, na idadi ya watoto wenye uoni hafifu, iliyokuwa ikipanda mwaka hadi mwaka, ikaanza kushuka.

Sisi tuna jua mwaka mzima, saa 12 kwa siku, bure. Tunalifanyia nini? Tunamwamsha mtoto saa 11 alfajiri aingie gari la shule, anasoma ndani, mapumziko anamalizia kuandika, jioni tuisheni, akirudi anapewa simu atulie mama apike. Mzazi wa Marangu aliyesoma chini ya mgomba alipata dakika zake 120 bila kuambiwa na mtu.

Jueni pia mpaka wake: mwanga wa nje unafanya kazi nzuri zaidi kabla tatizo halijaanza. Mtoto ambaye jicho limeshaanza kurefuka, kumtoa nje hakutoshi, anahitaji miwani na ufuatiliaji. Na miwani iwe ya namba yake kamili. Ile tabia ya kumpa pungufu "asizoee" haisaidii. Kofia avae, kwa sababu jua na vumbi kwa miaka mingi huchangia ile nyama inayoota kutoka kwenye weupe wa jicho. Kuhusu kioo chenyewe, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema: chini ya mwaka mmoja, hakuna kabisa, miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku, na pungufu ni bora.

Mwalimu atamjuaje? Mtoto anayenakili 3 badala ya 8 kutoka ubaoni. Anayekunja uso akitazama mbali. Anayesimama kwenda mbele bila ruhusa na wewe unamchapa. Jamani, huyo haoni! Msogeze dawati la mbele leo, na mzazi aambiwe leo.

Kuna mtoto mwingine, huyu macho yanamwasha, anafikicha mchana kutwa, weupe wa jicho umekuwa kama rangi ya udongo. Hapa Kilimanjaro wako wengi, na mama anasema "ni katuni za simu." Ule ni mzio. Mama anakwenda duka la dawa, anapewa tone lenye steroidi. Siku ya pili mtoto mzima! Kwa hiyo kila likianza kuwasha ananunua ileile, bila daktari, miezi na miezi. Steroidi inapandisha presha ya jicho na inaleta mtoto wa jicho kwa mtoto wa watu. Haiumi, kwa hiyo hakuna anayejua. Soma boksi: ukiona deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, hiyo haiwekwi bila daktari wa macho kupima presha ya jicho.

Na hiyo presha ya macho ndiyo inayonifanya nisiwaache mkisingizia simu kila kitu. Inaua mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, kuanzia pembeni. Sisi Waafrika inatushika zaidi na mapema zaidi. Kilichopotea hakirudishwi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Mtu wa miaka 45 anaona giza pembeni, anasema ni kompyuta, anapunguza mwanga wa kioo, anaendelea na maisha. Akivuka miaka 40 kila mmoja apimwe presha na mshipa wa jicho kila mwaka au miwili, na mapema zaidi kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja anayo. Mwanga unaomulika kama radi pembeni, vidoa vyeusi vilivyoanza ghafla, pazia linaloshuka, au jicho lililouma na kupoteza uoni: hayo hayasubiri Jumatatu. Hospitali ya KCMC, iliyopo tangu 1971, iko hapo juu tu, na kuna watu wanasafiri siku nzima kuifikia.

Nimeona mhazini ametazama saa, na ametazama mbali, nampongeza.

Meza ya kupimia iko nyuma, karibu na mlango. Chati ni mita 6, mstari wa kusimama umechorwa kwa chaki. Njooni na miwani mnayotumia, hata iliyopasuka. Ukifika, funika jicho moja kwa kiganja, usitumie vidole, maana mtu huchungulia katikati ya vidole bila kujua. Usilikandamize jicho lililofunikwa, litaona ukungu ukifika zamu yake. Na msiseme "mimi naona vizuri" kabla hamjafunika. Jicho moja likifa taratibu, la pili linabeba kazi zote, na mwenye macho anaweza kukaa miaka bila kuligundua. Wa safu za mbele waanze, wengine mngoje gawio.